Kuzikinga Nyanya na Jua Kali la Kiangazi

Juma hili tunazungumza juu ya nyanya na jua kali. Mazungumzo haya yanawahusu hasa wale wanaolima bustani za kumwagilia wakati wa kiangazi katika sehemu kavu za nchi yetu, kama vile Dodoma na Singida. Lakini na wewe wa Pwani usiende mbali, maana lipo neno lako kabla hatujaagana.

Kila mmoja wetu anajua kwa nini tunahangaika na nyanya mwezi wa Septemba, Oktoba na Novemba. Mvua bado, mabonde mengi yamekauka, na mwenye kisima au lambo ndiye mwenye bustani. Atakayevuna wakati huo atakuwa na kitu cha kupeleka sokoni. Lakini miezi hiyo hiyo ndiyo yenye jua kali. Pale Dodoma, mapema mwezi wa Oktoba, jua la saa sita hupita juu ya utosi kabisa, na joto la mchana hupita nyuzi 30 mara kwa mara. Mkulima anapanda miche yake 400, anaihangaikia miezi miwili, halafu maua yanapukutika yote. Au matunda yanashika, lakini yanapata mabaka meupe ambayo hakuna mnunuzi atakayeyataka. Jasho limekwenda bure, na maji yaliyobebwa kichwani na mama na watoto yamekwenda bure pia.

Sasa basi, tufanyeje? Wengine wanasema dawa ya jua ni kivuli, basi. Wanaweka kivuli kizito, na baada ya majuma mawili wana miche mirefu, myembamba na ya njano, isiyoweza kusimama. Kwa hiyo tuanze kwa kuelewa jua linaufanya nini mmea, ndipo tujue kivuli kiwe cha kadiri gani na kiwekwe lini.

MMEA HUJIPOZA KAMA MTUNGI

Chukua mtungi wa udongo, ujaze maji, uweke barazani. Maji yake yatakuwa baridi hata siku ya joto. Sababu ni nini? Mtungi unatoka jasho. Maji kidogo kidogo yanapenya kwenye udongo, yanafika nje, yanageuka mvuke, na yanapoondoka huondoka na joto. Mtungi ukikauka, ubaridi nao umekwisha.

Jani la nyanya hufanya vivyo hivyo. Lina vitundu vidogo sana visivyoonekana kwa macho, na humo hutoka mvuke. Mizizi inapandisha maji, majani yanayatoa, na mmea unapoa. Lakini udongo ukikosa maji, au joto likizidi mno hata mizizi ikashindwa kuyapandisha upesi, jani hufunga vitundu vyake ili lisikauke kabisa. Hapo mmea haupoi tena. Jani linapata joto kupita hata la hewa, na chakula halitengenezi.

Ndiyo maana tunasema, ndugu mkulima, kinachoupoza mmea ni maji. Kazi ya kivuli ni kuyasaidia yale maji uliyonayo yadumu. Kivuli bila maji hakiokoi mche.

Nyanya inapenda mchana wenye joto la nyuzi 20 mpaka 27 hivi. Joto la mchana likipita nyuzi 32, au usiku usiposhuka chini ya nyuzi 21, chavua ya ua huharibika. Ua halipati mbegu, linakauka kwenye kikonyo chake na kuanguka. Na hata tunda lililokwisha shika, joto likikaa juu ya nyuzi 30, ile rangi nyekundu haitengenezwi vizuri. Tunda linabaki na rangi ya njano au ya machungwa.

HESABU MAJI KABLA YA MICHE

Kabla hujatupa mbegu kitaluni, nenda kisimani kwanza ufanye hesabu. Mche mmoja wa nyanya uliokwisha kua, uliopandwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 50, wakati wa joto kali unahitaji kama lita 1 mpaka 2 za maji kwa siku. Debe letu ni lita 20. Kwa hiyo miche 100 inataka madebe 5 mpaka 10 kila siku. Miche 400 inataka madebe 20 mpaka 40. Na hiyo ni kila siku, mpaka mavuno.

Jiulize: je, kisima kitatoa madebe hayo mwezi wa Novemba, wakati maji yameshuka? Na nani atayateka? Kama jibu ni la kusitasita, punguza miche. Miche 150 iliyoshiba maji itakuletea nyanya nyingi kuliko miche 400 yenye kiu. Hakuna kichanja wala matandazo yatakayoificha hesabu hii.

KITALU NA KICHANJA CHAKE

Wakati wa kiangazi tumia matuta ya makingo, yaani tuta lililo chini kidogo, lenye kingo za udongo pande zote. Tuta la namna hii hushika maji. Tuta lililoinuliwa ni zuri wakati wa mvua, lakini kiangazi hukauka upesi kila upande.

Ukishasia mbegu, funika tuta kwa nyasi kavu na umwagilie juu ya nyasi hizo. Kagua kila asubuhi. Mara uonapo miche imeanza kuchungulia, ondoa nyasi siku hiyo hiyo, tena uziondoe jioni. Ukichelewa siku mbili tatu, miche itajinyoosha ikitafuta mwanga, na shingo zake zitakuwa laini kama uzi.

Sasa jenga kichanja juu ya tuta. Simika nguzo, laza fito, juu yake tandaza mabua, makuti au nyasi. Kichanja kiwe na kimo cha mita moja hivi. Nguzo za upande wa mashariki ziwe ndefu kidogo kuliko zile za magharibi, ili jua la asubuhi, ambalo halina ukali, liingie kwa miche, na lile la alasiri lizuiwe. Tena kumbuka kwamba kwa pale Dodoma, tangu Oktoba mpaka mwanzo wa Machi, jua la adhuhuri huegemea upande wa kusini. Basi tandazo la kichanja lipite kidogo ukingo wa tuta upande huo wa kusini.

Utajuaje kama kivuli kimezidi? Njia ni rahisi. Nenda saa sita mchana, uchungulie chini ya kichanja. Ukiona madoa ya jua na madoa ya kivuli yamegawana ardhi nusu kwa nusu, umepata. Ukiona giza tupu, ondoa mabua mengine. Kivuli kizito kikichanganyika na maji mengi ndicho kinacholeta kinyausi, ule ugonjwa wa kuoza shina pale chini mpaka mche unalala.

Siku hizi madukani zipo neti za kivuli. Neti hizo huuzwa kwa namba. Ya asilimia 50 maana yake inazuia nusu ya jua, na hiyo inafaa kitaluni. Ikiwa huna uwezo wa kuinunua usisikitike, mabua yako yakipangwa vizuri yatafanya kazi ile ile.

KUUZOESHA MCHE JUA

Hapa ndipo wengi wanapopoteza miche. Mche umekaa kivulini mwezi mzima, siku moja unang'olewa na kupelekwa shambani kwenye jua kali. Majani yanababuka, yanageuka meupe kama karatasi, na mche unakufa. Mkulima anasema, "Mbegu ilikuwa mbaya." Mbegu haikuwa na kosa.

Siku 7 mpaka 10 kabla ya kuhamisha, anza kupunguza mabua ya kichanja. Siku za kwanza ondoa robo, kisha nusu, na siku mbili tatu za mwisho kichanja kiwe kitupu. Wakati huo huo punguza maji kidogo kidogo, lakini usiache miche inyauke. Miche itakuwa na shina gumu na majani mazito. Mche ulio tayari una majuma manne au matano na majani manne mpaka sita ya kweli.

Hamisha jioni, kuanzia saa kumi na moja, au siku yenye mawingu. Mwagilia kitalu kwanza ili mche utoke na udongo wake kwenye mizizi. Mwagilia mashimo pia kabla ya kupanda. Ukimaliza, chomeka kitawi chenye majani upande wa magharibi wa kila mche, kiukinge na jua la alasiri. Baada ya siku tatu au nne mche umeshika, ng'oa kitawi.

SHAMBANI: ANZA NA UDONGO

Miche imeshika. Jambo la kwanza ni matandazo. Udongo mtupu kwenye jua la saa nane huwaka hata mguu mtupu hauwezi kukanyaga. Mizizi ya nyanya mingi iko karibu na juu, na joto hilo huipata. Tandaza nyasi kavu, mabua yaliyokatwakatwa au majani ya migomba, unene wa sentimita 5 mpaka 10. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina ili lisioze. Usitumie nyasi zenye mbegu, utakuwa umejipandia magugu.

Najua utasema, "Bwana shamba, huku kwetu mchwa watayala matandazo yote, kisha wataingia kwenye nyanya." Ni kweli, sehemu kavu mchwa ni wengi. Yafunue kila juma uangalie chini. Ukiona vijia vyao vya udongo, vibomoe, upunguze matandazo pale karibu na shina, na uweke udongo ukiwa na unyevu. Lakini usiyatupe matandazo kwa kuwaogopa mchwa. Maji utakayoyapoteza ni mengi kuliko nyasi watakazokula. Na wale wenye kutandaza plastiki nyeusi wajue kwamba kwenye joto kali inazidi kuupasha udongo moto, heri nyasi.

Jambo la pili ni namna ya kumwagilia. Mwagilia asubuhi mapema, au jioni jua likishapoa. Maji ya saa saba mchana mengi huishia hewani. Kama unatumia mpira, fahamu kwamba maji yaliyolala ndani ya mpira juani yanakuwa ya moto. Yaache yatoke kwanza pembeni. Mwagilia kwenye shina, siyo juu ya majani, maana majani mabichi usiku kucha huita magonjwa ya ukungu. Na umwagilie maji yazame. Ukinyunyiza kidogo kidogo juu juu, mizizi nayo hubaki juu juu, kule kwenye joto.

Tena usimwagilie kwa kubahatisha, leo mengi, siku nne hakuna. Ukifanya hivyo utaona matunda yanapata doa jeusi pale kitakoni. Huo si ugonjwa wa kuambukiza. Tunda limekosa chokaa yake kwa sababu maji yanayoibeba yalikatika.

Jambo la tatu ni upepo. Upepo mkavu huukausha mmea kama jua lenyewe. Panda mstari wa mbaazi au mahindi mapema, upande unakotoka upepo na upande wa magharibi. Kingo ya upepo huweza kukinga ardhi kwa umbali wa mara kumi ya urefu wake. Ukipanda mahindi, uyakague, maana kuna funza wanaokula mahindi ambao hula pia tunda la nyanya.

Jambo la nne ndilo kivuli chenyewe. Nyanya shambani inataka kivuli chepesi kuliko miche kitaluni, cha asilimia 30 mpaka 40. Kwa kichanja cha fito, mabua yaachane, na madoa ya jua yawe mengi kuliko madoa ya kivuli. Kiwe na kimo cha mita mbili ili upite chini yake ukifanya kazi na hewa ipite. Wakati wake hasa ni kuanzia maua yanapotoka mpaka matunda yanapokua. Mawingu ya mvua yakianza kutanda, kiondoe. Kivuli pamoja na unyevu wa mvua ni karamu ya ukungu.

MAJANI NI MWAVULI WA TUNDA

Kuna wakulima wanaopenda kukata majani eti tunda lipate jua liive. Acha kabisa wakati wa kiangazi. Tunda huiva hata kivulini. Tunda likifunuliwa ghafla kwenye jua, upande unaotazama jua hupata baka jeupe au la kijivu, ngozi inakuwa kama karatasi, kisha ukungu mweusi unaota hapo. Kwa nyanya ndefu kama Moneymaker, zinazohitaji miti ya kuegemea, ondoa machipukizi ya pembeni na majani ya chini yanayogusa ardhi, basi. Zile fupi za kichaka kama Cal J ziache na majani yake. Na mti ukilala kwa uzito, uegemeze, maana ukilala majani yanafunguka na matunda yanabaki uchi.

Wakati wa joto kali vuna tunda linapoanza tu kupiga rangi. Vuna asubuhi, weka matenga kivulini, matunda yaivie ndani penye ubaridi. Yatapata wekundu mzuri kuliko yakibaki juani.

SI KILA KUNYAUKA NI JUA

Ndugu mkulima, ukiona nyanya zimenyauka saa nane mchana usikimbilie ndoo. Rudi ukazitazame alfajiri. Kama zimesimama, zilikuwa zikijikinga na joto tu. Kama alfajiri zimenyauka bado, pima udongo kwa kidole. Ukiwa mkavu, ni kiu. Ukiwa na unyevu na mmea umenyauka, hapo pana ugonjwa.

Fanya hivi: kata shina karibu na ardhi, lisimamishe ndani ya glasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Maji hayatauponya. Ng'oa mmea pamoja na mizizi, uutoe shambani, na msimu ujao usipande hapo nyanya, viazi mviringo, pilipili wala biringanya.

Tena angalia chini ya majani. Vidoa vidogo vya njano na utando mwembamba kama wa buibui ni utitiri mwekundu, ambao hustawi sana wakati wa joto na ukavu. Na mabaka makavu ambayo ukiyaelekeza kwenye mwanga unaona njia na kinyesi cheusi ndani ya jani ni kazi ya kantangaze, yule mdudu aliyeingia nchini mwaka 2014. Huyo hakingwi kwa kivuli. Mwone bwana shamba au bibi shamba wako mapema, kabla hajasambaa.

NENO KWA WA PWANI

Sasa wewe wa Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga na Lindi. Nilikwambia lipo neno lako. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake hupoa. Ndiyo maana mkulima wa huko akilishinda jua la mchana, maua yake yatashika. Kwako Pwani, mwezi wa Januari na Februari usiku wenyewe ni wa joto. Kichanja huzuia jua. Joto la usiku hakiliwezi. Hata ukijenga kizuri namna gani, maua mengi yatapukutika.

Kwa hiyo kinga yako kubwa ni kalenda. Panga ili nyanya zako zitoe maua mwezi wa Juni, Julai na Agosti, wakati usiku una ubaridi. Miezi ya joto, ardhi yako na maji yako vipe mboga zinazolivumilia joto, kama bamia, mchicha na biringanya.

KWA KUMALIZA

Hebu tukumbushane kwa ufupi. Kwanza, hesabu madebe ya maji kabla ya kuhesabu miche. Pili, kitaluni kivuli kiwe nusu kwa nusu, na uuzoeshe mche jua siku 7 mpaka 10 kabla ya kuuhamisha. Tatu, tandaza nyasi na mwagilia asubuhi au jioni, maji yazame. Nne, shambani weka kivuli chepesi wakati wa maua na matunda, na ukiondoe mvua zikikaribia. Tano, waachie mimea majani yake. Sita, mmea ukinyauka, uamue alfajiri, siyo saa nane mchana.

Kama mnasikiliza kikundi kizima, fanyeni jambo moja leo jioni: nendeni kwenye kitalu cha mmoja wenu, na kesho saa sita mwende tena mkatazame madoa ya jua chini ya kichanja. Mtajifunza mengi kwa macho yenu kuliko kwa maneno yangu.

Nawatakia kazi njema na mavuno mema. Mpaka juma lijalo, kwaherini.